Watu, Kaya na Nyumba: Somo la Kulinganisha Mji na Kijiji katika Wilaya Moja ya Uingereza

Mtu anayetaka kuhamia wilaya asiyoijua nchini Uingereza huanza kwa kuuliza mambo mawili: kodi ya nyumba na idadi ya watu. Kodi humwambia kama ataweza kulipa. Idadi ya watu, kwa fikira zake, humwambia kama atapata maduka, mabasi, shule na daktari. Mwanzo huo si mbaya, lakini idadi ya watu wa wilaya nzima ni kama gunia lililofungwa: uzito wake unajulikana, kilichomo hakijulikani.

Katika somo hili tutalifungua gunia moja. Tumechagua wilaya ya King's Lynn and West Norfolk, mashariki mwa nchi, kwa sababu ndani yake mna mji mkubwa wa kutosha, miji midogo, vijiji vya pwani na vijiji vya mashamba. Tunaposema Uingereza tunakusudia England peke yake, pasipo Wales, Uskoti wala Ireland ya Kaskazini. Lengo letu ni moja: msomaji ajue ni hesabu ipi kati ya hizi inayougusa mkoba wake kabla hajatia saini mkataba wa nyumba.

1. Maneno matatu yasiyochanganywa

Neno la kwanza ni mkazi. Sensa ya mwisho ya Uingereza ilifanyika tarehe 21 Machi 2021. Ilimhesabu kila mtu mahali penye makazi yake ya kawaida, na aliyetoka nje ya nchi alihesabiwa kuwa mkazi ikiwa amekaa, au amekusudia kukaa, miezi 12 au zaidi. Mwenye nyumba mbili alihesabiwa kuwa mkazi wa mojawapo tu.

Neno la pili ni kaya. Kwa sensa hiyo, kaya ni mtu anayeishi peke yake, au watu wanaoishi katika anwani moja wakitumia jiko moja na kushiriki sebule au mahali pa kulia chakula. Si lazima wawe ndugu. Wasomaji wetu kutoka Afrika Mashariki wamezoea kuiona kaya kuwa familia pamoja na jamaa zake, na ukubwa wake hutofautiana sana na ule wa Uingereza: sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata wastani wa watu 3.9 kwa kaya, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ikapata 4.3. Anayebeba picha hiyo kichwani atakosea atakapokadiria kaya za Kiingereza.

Neno la tatu ni nyumba, yaani jengo au sehemu ya jengo yenye mlango wake. Nyumba yaweza kuwa na kaya ndani yake, au kuwa tupu, au kufunguliwa wakati wa likizo tu. Kwa hiyo idadi ya nyumba si idadi ya kaya, wala idadi ya kaya si idadi ya watu.

2. Mji ni nini, na kijiji ni nini?

Katika uainishaji rasmi wa Uingereza, eneo lililojengwa lenye wakazi 10,000 au zaidi huhesabiwa kuwa la mjini. Yaliyobaki yote ni ya vijijini. Kwa kipimo hicho, sensa ya mwaka 2011 ilionyesha watu milioni 43.7 wakiishi mijini na milioni 9.3 vijijini, yaani asilimia 82.4 kwa asilimia 17.6.

Msomaji aangalie jambo moja hapa. Kipimo hiki hakiulizi kama watu wanalima, wala kama kuna soko, hospitali au kituo cha reli. Ndiyo maana mji mdogo wenye meya, benki na kanisa kuu la zamani waweza kuandikwa kuwa ni kijijini. Hunstanton, mji wa pwani katika wilaya tuliyoichagua, ulikuwa na wakazi 4,229 mwaka 2011. Wenyeji wanauita mji, watalii wanauita mji, lakini kwa kipimo cha watu 10,000 haufikii.

Tena, uainishaji huu hufanywa kwanza kwa maeneo madogo sana ya kuhesabia, ambayo katika sensa ya 2021 yaliundwa yawe na kaya kati ya 40 na 250. Baadaye maeneo hayo hujumlishwa, na wilaya nzima ikapewa jina moja. Jina hilo lina faida kwa wapangaji wa serikali. Kwa anayetafuta nyumba, linaficha mengi kuliko linavyofunua.

3. Wilaya moja, nyuso nne

King's Lynn and West Norfolk ilikuwa na wakazi wapatao 147,500 mwaka 2011 na 154,300 mwaka 2021. Ongezeko hilo, watu kama 6,800, ni chini kidogo ya asilimia 5, hali Uingereza nzima iliongezeka kwa asilimia 6.6. Eneo lake linazidi kilomita za mraba 1,400, hivyo kila kilomita ya mraba ina wakazi kama 110. Wastani wa Uingereza mwaka huo ulikuwa 434.

Je, yupo mkazi yeyote anayeishi katika hiyo hali ya watu 110 kwa kilomita ya mraba? Ni wachache sana. Wapo wanaoishi kwenye msongamano mkubwa zaidi, na wapo wanaoishi kwenye upweke mkubwa zaidi.

Uso wa kwanza ni mji wa King's Lynn wenyewe, bandari ya kale yenye wakazi zaidi ya 40,000. Hapo ndipo ilipo hospitali kuu ya wilaya, na hapo ndipo reli ya kutoka London kupitia Cambridge na Ely inapoishia. Uso wa pili ni Downham Market, mji mdogo wa soko ulio kwenye reli hiyohiyo. Ukubwa wake haulingani na King's Lynn, lakini asiye na gari anaweza kufika kazini kwa treni.

Uso wa tatu ni pwani ya kaskazini: Hunstanton, Burnham Market na vijiji vinavyofuata ufuo. Reli ya kwenda Hunstanton ilifungwa mwaka 1969, na tangu hapo msafiri asiye na gari hutegemea basi. Nyumba nyingi za pwani hii ni za mapumziko. Mwaka 2023 wakazi wa Burnham Market walipiga kura kuunga mkono mpango wa ujenzi unaotaka nyumba mpya zikaliwe na watu walio na makazi yao ya kudumu hapo. Kanuni hiyo inahusu nyumba mpya tu; zilizokuwapo hazikuguswa.

Uso wa nne ni bonde tambarare la Fens, lililokaushwa maji karne nyingi zilizopita likawa shamba. Huko viko vijiji kama Outwell na Upwell. Mkazi wa Outwell anayetaka soko hukimbilia Wisbech, mji ulio karibu naye zaidi kuliko King's Lynn, ingawa Wisbech umo katika wilaya nyingine na kaunti nyingine. Mpaka wa wilaya hupanga nani atakayekutoza kodi ya halmashauri. Haupangi utakaponunua mkate.

Umri nao hugawanyika. Katika wilaya hii takriban mtu mmoja kati ya wanne ametimiza miaka 65, ilhali Uingereza nzima ni chini ya mmoja kati ya watano. Jirani yake wa mashariki, North Norfolk, ndiyo iliyokuwa na sehemu kubwa kuliko zote za watu wa umri huo katika Uingereza na Wales mwaka 2021: karibu theluthi moja ya wakazi. Pwani hupokea wastaafu, na vijana huondoka kufuata kazi na masomo.

4. Jinsi wastani unavyoficha

Sensa ya 2021 ilihesabu watu milioni 59.6 na kaya milioni 24.8 katika Uingereza na Wales kwa pamoja. Ukigawanya, unapata 2.40. Lakini watu wapatao milioni moja hawakuwa katika kaya yoyote: waliishi katika nyumba za kutunzia wazee, mabweni ya wanafunzi, kambi za jeshi na magereza. Waondoe kwanza, ubaki na milioni 58.6, kisha ugawanye: unapata 2.36. Tofauti ni ndogo kwa taifa. Kwa kijiji chenye nyumba moja kubwa ya kutunzia wazee, yaweza kuipotosha hesabu nzima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtaa wa mjini una nyumba 100, zote zina watu, na wakazi ni 240. Kaya ni 100, wastani ni 2.4. Kijiji cha pwani nacho kina nyumba 100, lakini 30 ni za mapumziko. Kaya ni 70 na wakazi ni 140, hivyo wastani ni 2.0. Anayegawanya wakazi kwa nyumba atapata 1.4, na atadhani kijiji kizima ni cha wapweke.

Sasa nyumba 10 zaidi zinajengwa kijijini, na zote zinanunuliwa na watu wa mbali. Nyumba zimekuwa 110. Kaya bado ni 70. Dalali atasema kijiji kinakua, na hatakuwa amesema uongo. Lakini basi halikupata abiria, shule haikupata mtoto, na duka halikupata mteja wa mwezi wa Januari. Anayehamia hapo na watoto kwa kutegemea ukuaji huo huenda akajikuta akisaka shule kijiji cha tatu.

5. Tofauti hizi zinavyogusa mkoba

*Joto la nyumba.* Mjini nyumba nyingi hupata gesi ya bomba. Vijijini nyingi hazina, na hupashwa joto kwa mafuta ya taa yanayoletwa na lori na kuwekwa kwenye tangi uani. Kikomo cha bei kinachowekwa na mamlaka ya nishati, Ofgem, hulinda gesi na umeme. Mafuta haya hayamo. Wauzaji wengi hawaleti chini ya lita 500, hivyo gharama huja kwa mkupuo.

*Usafiri.* Kodi nafuu ya kijijini huweza kumezwa na gari. Ikiwa wazazi wote wawili wanafanya kazi kwa zamu, kaya moja yaweza kuhitaji magari mawili.

*Kodi ya halmashauri.* Kodi hii hutozwa kwa nyumba. Hata hivyo, nyumba yenye mtu mzima mmoja tu hupunguziwa asilimia 25, na wanafunzi wa muda wote hawahesabiwi miongoni mwa watu wazima hao. Punguzo huombwa, aghalabu halimfuati asiyeliomba.

*Nyumba ya kushirikiana.* Hapa ndipo neno kaya linapoweza kumponza mtu. Chukua wauguzi watano wasio ndugu wanaoishi katika nyumba moja, wakitumia jiko moja na sebule moja. Kwa sensa, hao ni kaya moja. Kwa sheria ya makazi ya mwaka 2004, ambayo hutazama undugu na ndoa au uhusiano kama wa ndoa, hao ni kaya tano, na mwenye nyumba hana budi kuwa na leseni ya halmashauri. Kwa kodi ya halmashauri, ikiwa kila mmoja ana mkataba wa chumba chake, kwa kawaida mwenye nyumba ndiye anayedaiwa. Ikiwa wote wametia saini mkataba mmoja wa nyumba nzima, waulize kwanza halmashauri ni nani anayedaiwa.

6. Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

Kwanza: idadi niliyoonyeshwa ni ya wilaya, ya mji, au ya kijiji chenyewe? Dai ya mahali utakapolala.

Pili: ni idadi ya watu, ya kaya, au ya nyumba? Na kati ya nyumba hizo, ngapi zina watu mwaka mzima?

Tatu: nyumba hupashwa joto kwa nini? Omba cheti cha matumizi ya nishati. Mwenye nyumba anatakiwa kukuonyesha bila malipo.

Nne: basi la mwisho hupita saa ngapi, na Jumapili lipo? Lijaribu wewe mwenyewe siku ya kazi.

Tano: mkataba ni wa chumba au wa nyumba nzima, na nani atalipa kodi ya halmashauri? Pata jibu kwa maandishi. Kumbuka pia kwamba amana ya nyumba ya kupanga nchini Uingereza haipaswi kuzidi kodi ya wiki tano, ikiwa kodi ya mwaka haifikii pauni 50,000.

Zoezi

Kijiji cha kubuni kina nyumba 180, na kati yake 45 ni za mapumziko. Wakazi ni 320, na 50 miongoni mwao wanaishi katika nyumba ya kutunzia wazee ambayo haimo katika zile 180. Nyumba zote zilizobaki zina kaya mojamoja. Tafuta idadi ya kaya na wastani wa watu kwa kaya.

*Jibu.* Kaya ni 180 kutoa 45, yaani 135. Watu walio katika kaya ni 320 kutoa 50, yaani 270. Wastani ni 2.0. Aliyegawanya 320 kwa 180 amepata karibu 1.8, amechanganya wasiokaa katika nyumba hizo na nyumba zisizokaliwa.

Aliyelifanya zoezi hili anaweza kuichukua takwimu ya wilaya yoyote na kuisoma kwa njia hiyohiyo. Aanze na watu, aende kwenye kaya, amalizie na nyumba. Kisha afike mahali penyewe jioni ya siku ya kazi, atazame ni madirisha mangapi yenye taa.