SOMO LA MWEZI: MBUNGE ALIYEMWOMBA MUNGU NA KUPIGA KURA

Masomo: Esta 4:10-17, Luka 18:1-8, Wagalatia 6:7-10



Mara nyingi, baada ya ibada, tunawasikia Wakristo wenzetu wakisema kwamba siasa ni mchezo mchafu, na mtu aliyeokoka hana budi kukaa mbali nayo. Wengine husema hivyo kwa sababu wameumizwa, wala hatuwalaumu. Lakini tukiwaachia wasiomcha Mungu mabaraza yote, tusishangae sheria zikitungwa bila kumjali maskini. Kwa hiyo mwezi huu tujifunze habari za William Wilberforce, mbunge wa Uingereza, ambaye Kanisa la Uingereza humkumbuka tarehe 30 Julai pamoja na wenzake Olaudah Equiano na Thomas Clarkson.

Mwito wake

Wilberforce alizaliwa mjini Hull mwaka 1759. Baba yake alikuwa mfanya biashara tajiri. Mwaka 1780, akiwa na umri wa miaka 21, alichaguliwa kuwa mbunge. Alijua sana kusema, tena alipenda karamu na michezo ya kamari. Rafiki yake mkubwa alikuwa William Pitt, aliyekuwa Waziri Mkuu akiwa na miaka 24 tu.

Mwaka 1785 Mungu alimgusa moyo. Akaanza kusoma Biblia kwa bidii na kuyaonea haya maisha yake ya zamani. Akafikiri, labda sasa imempasa kuacha Bunge. Mwezi wa Desemba akaenda kwa siri kumwona kasisi mmoja mzee jijini London, John Newton. Newton huyo zamani alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa, kisha akatubu. Hakumwambia kijana aache siasa. Alimwambia abaki pale pale alipo, maana huenda Mungu alikuwa amemweka pale kwa kusudi lake.

Ndugu, hapo tukumbuke maneno ya Mordekai kwa Esta. Esta hakuitwa kutoka katika jumba la mfalme. Aliitwa kulitumia jumba lile kwa ajili ya watu wake.

Kazi ya miaka ishirini

Wakati ule merikebu za Uingereza zilikuwa zikichukua Waafrika maelfu kwa maelfu kila mwaka kutoka Afrika ya Magharibi, na kuwauza katika mashamba ya miwa huko visiwa vya Karibi. Faida ilikuwa kubwa, na wabunge wengi walikuwa na sehemu yao ndani yake.

Tarehe 12 Mei 1789 Wilberforce alisimama Bungeni akasema kwa muda wa saa tatu na zaidi. Mwaka 1791 walipiga kura: 88 upande wake, 163 upande wa kumpinga. Mwaka 1792 wabunge walikubali biashara ile ikomeshwe polepole, lakini Malordi wakaikalia habari ile mpaka ikafa. Mwaka 1796 alishindwa kwa kura 4 tu, 70 kwa 74. Na kwa nini? Baadhi ya rafiki zake, ambao kura zao zingetosha, usiku ule walikuwa wamekwenda kutazama mchezo wa kuigiza wenye nyimbo. Walikuwa watu wema, waliokubaliana naye kabisa, ila hawakuwapo. Merikebu zikaendelea kusafiri miaka kumi na mmoja zaidi.

Habari hiyo ituguse hata sisi. Ni mara ngapi neno jema limeanguka katika baraza letu la kanisa, au katika mkutano wa kijiji, kwa sababu waliolipenda walibaki nyumbani?

Wilberforce aliugua mara kwa mara, akatukanwa, akatishwa. Hata hivyo aliuleta mswada wake tena na tena, kama mjane yule wa Luka 18 aliyemwendea kadhi bila kuchoka. Mwishowe, mwezi wa Februari 1807, kura zikawa 283 kwa 16. Wabunge walipomshangilia, yeye alikaa akitokwa na machozi. Tarehe 25 Machi sheria ikatiwa sahihi. Mzee Newton aliishi kuiona, akafa mwaka ule ule.

Sheria ile ilikomesha biashara, bali watumwa wenyewe haikuwaacha huru. Kazi iliendelea mpaka mwaka 1833. Tarehe 26 Julai Wilberforce, akiwa mgonjwa kitandani, aliletewa habari kwamba sheria ya kuwapa uhuru ina hakika ya kupita. Siku tatu baadaye akalala katika Bwana.

Tusifiche yaliyo kweli

Kumsifu mtu si kumfanya malaika. Wilberforce hakuwa peke yake. Clarkson alizunguka bandarini kwa farasi akikusanya ushahidi. Equiano, Mwafrika aliyekuwa mtumwa na kujikomboa kwa fedha yake mwenyewe, aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 1789. Akina mama wengi walikataa kutia sukari ya mashamba ya watumwa katika chai yao. Na watumwa wenyewe, huko Haiti na kwingineko, waliinuka kudai utu wao. Tena Wilberforce aliunga mkono sheria kali zilizowabana wafanya kazi wa nchi yake.

Kanisa letu nalo lina la kutubu. Chama kimoja cha misheni cha Kianglikana kilimiliki shamba la watumwa la Codrington, kisiwani Barbados. Na mwaka 1833 serikali iliahidi pauni milioni 20 kuwalipa mabwana. Watumwa hawakupewa kitu, na wengi walilazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale mpaka mwaka 1838.

Wengine watauliza: je, tumshukuru Mzungu kwa kuzima moto uliowashwa na wenzake? Sisi tunaona hivi: moto ule ulikuwa ukiwaletea wenzake mali, naye alikubali kuchukiwa ili uzimwe. Kukemea dhambi za mbali ni rahisi. Yeye alikemea ile iliyokuwa ikiwalisha jirani zake. Hapo ndipo anapostahili heshima yetu.

Nasi wa pwani hii

Sheria ya mwaka 1807 haikufika huku kwetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale Mkunazini pakajengwa Kanisa Kuu la Kristo. Lakini mbegu moja ilifika. Wilberforce alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha misheni cha CMS mwaka 1799, na ni chama hicho kilichomleta Krapf Mombasa mwaka 1844, kisha kikaanzisha Freretown mwaka 1875, makao ya watu waliokombolewa katika majahazi. Apandaye hajui mvua itanyesha wapi.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, kuna Mkristo katika mtaa wetu aliye diwani, karani, mwalimu au balozi? Tunamwombea, au tunamsema tu?
2. Ni dhuluma gani inayotuletea faida sisi wenyewe, hata tunaona taabu kuitaja? Tufikirie mishahara ya watumishi wa nyumbani na urithi wa wajane.
3. Ni kazi gani njema tuliyoiacha kwa sababu tulishindwa mara ya kwanza?

Tuombe

Ee Bwana, uliyewatoa watu wako katika nyumba ya utumwa, uwape watawala wetu masikio ya kusikia kilio cha mnyonge. Utusamehe siku tulizonyamaza na mikutano tuliyoikimbia. Utupe moyo usiochoka katika kutenda mema, hata tukifa kabla ya kuona mavuno. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.