Tapeti Zikigonga, Tazama Oili Kwanza

Ndugu mkulima, pikapu ni chombo cha kazi kama lilivyo jembe. Ikilala gereji wakati wa maembe, mavuno huoza shambani. Kwa hiyo leo tutajifunza juu ya kelele moja ya injini ambayo huwapotezea watu fedha bure.

Tuseme umetoka shambani upande wa Mtwapa, umeshusha maembe katika soko la Kongowea, kisha umevuka daraja la Nyali kwenda Tudor kununua vipuri. Ukiwa njiani wasikia juu ya injini, "ti-ti-ti-ti", kama cherehani. Mtu akuambia, "Tapeti zimekwisha, nunua mpya." Usitoe fedha upesi. Kwanza ujue kazi ya tapeti.

Ndani ya injini zimo valvu za kuingiza hewa na petroli, na nyingine za kutoa moshi. Tapeti ndizo zinazosaidia kuzisukuma zifunguke. Ziko injini za namna mbili. Katika Peugeot 504 ya zamani, fundi hupima nafasi ya valvu na kuirekebisha kwa spana. Katika nyingine, kama injini ya 3Y ya petroli iliyotiwa katika Toyota Hilux na Hiace za miaka ya 1980, tapeti hujaa oili ndani yake, na oili hiyo ndiyo inayoondoa nafasi. Oili ikipungua, ikichafuka au ikiingia hewa, tapeti hulegea na kugonga.

Kelele ya asubuhi inayonyamaza baada ya sekunde chache kwa kawaida si kitu. Oili ilishuka usiku. Ikiendelea, fanya hivi:

1. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika 5. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, ukichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini sana, pampu huvuta hewa. Ikizidi sana, krenki huipiga ikawa povu, na povu halina nguvu ya kujaza tapeti.

2. Ikiwa oili ni chafu, au hujui ilitiwa lini, ibadilishe pamoja na filta yake. Tia oili ya uzito ulioandikwa katika kitabu cha gari. Iliyo nzito mno hukawia kufika juu. Usioshe injini kwa dizeli wala mafuta ya taa, ijapokuwa wako wanaoshauri hivyo. Yanayobaki ndani huifanya oili kuwa nyepesi, na beringi huliwa.

3. Endesha siku kadhaa. Huenda uchafu uliokwama katika tapeti ukatoka. Sikiliza hasa injini ikiwa moto na ikizunguka polepole, kama vile mkulima wa Shimba Hills angojapo feri ya Likoni, kwa maana wakati huo nguvu ya oili huwa ndogo.

4. Kelele ikibaki, mwambie fundi apime nguvu ya oili kwa geji kabla hajafungua kitu. Ikiwa ndogo, huenda kosa liko katika pampu au beringi, na tapeti mpya zitagonga vile vile. Ikiwa nzuri, ndipo tapeti zenyewe zitazamwe.

Onyo: taa nyekundu ya oili ikiwaka gari likienda, au ukisikia mlio mzito, "ko-ko-ko", kutoka chini ya injini, simama na uzime mara moja, hata ukiwa na mzigo. Gari livutwe. Mzigo mmoja ukiharibika umepoteza safari moja. Krenki ikiharibika umepoteza faida ya msimu.

Oili chafu usiimwage shambani wala katika hori ya Tudor. Itie deben, ukampe fundi.

Basi, kabla ya kila safari ya sokoni, tazama kijiti. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.