Shamba Lililobaki katika Jina la Marehemu

Skimu kubwa za makazi zilianza nchini mwaka 1962, Serikali iliponunua mashamba ya Wazungu na kuyagawa kwa wenyeji. Wengi waliopewa namba siku zile wamekwisha kufariki, na watoto na wajukuu ndio wanaolima. Lakini mara nyingi tukitazama daftari la ardhi, jina ni lile lile la mzee. Mwezi huu tutajifunza jinsi ya kuandikisha warithi, na ni nani aliye mrithi, maana hapo ndipo ugomvi ulipo.

Ni kweli kwamba mahindi huota bila kuuliza hati ni ya nani. Shida huja siku ya haja. Mwenye kutaka mkopo kwa dhamana ya shamba hawezi kuupata, kwa sababu marehemu hatii sahihi. Na ndugu mmoja akiuza eka mbili kwa siri, mnunuzi huja na seng'enge, na mjane huambiwa ahame shamba alilolipalilia miaka thelathini. Ndugu mkulima, fahamu kwamba uuzaji wa namna hiyo si halali. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, hairuhusu shamba la marehemu liuzwe kabla korti haijathibitisha usimamizi wa mali yake. Mwenye kuingilia mali hiyo bila ruhusa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Faini hiyo ni ndogo siku hizi, lakini mwaka wa kifungo haujapungua.

Kazi huanza kwa chifu. Yeye huandika barua yenye majina ya warithi wote: wajane, wana wa kiume, na mabinti, walioolewa na wasioolewa. Usimfiche mtu. Idhini iliyopatikana kwa kuficha jina yaweza kufutwa hata baada ya miaka mingi. Barua hiyo, pamoja na cheti cha kifo na karatasi ya ofisi ya ardhi ionyeshayo mwenye shamba, hupelekwa kortini. Habari hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye kupinga hupewa siku 30. Asipotokea, korti huteua wasimamizi. Baada ya miezi 6 wasimamizi hurudi ili korti ithibitishe mgawanyo, ndipo waende ofisi ya ardhi kubadilisha majina.

Sasa juu ya mabinti. Wazee wengi husema binti atapata shamba kwa mumewe. Hoja hiyo ilifika mpaka Mahakama ya Rufani huko Eldoret, na mwaka 2005 majaji waliikataa: binti hapunguziwi fungu kwa kuwa huenda ataolewa. Katiba ya 2010 nayo yakataza ubaguzi wa mume na mke katika mambo ya ardhi.

Tufanye hesabu. Mzee alikuwa na eka 20 na wake wawili, na hakuacha wosia. Nyumba ya kwanza ina watoto 5, ya pili ina watoto 3. Watu wengi wangekata eka 10 kwa 10. Sheria haisemi hivyo. Huhesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza mama aliye hai. Basi nyumba ya kwanza ni watu 6, ya pili ni watu 4, jumla 10. Eka 20 kwa watu 10 ni eka 2 kila mmoja; nyumba ya kwanza hupata eka 12, na ya pili eka 8. Ndani ya nyumba yake, mjane hukaa na kulitumia shamba maishani mwake, na halitauzwa bila ruhusa ya korti. Watoto watagawana sawasawa baadaye.

Mzee aliyefariki kabla ya tarehe hiyo ya 1981, mgawanyo hufuata sheria au mila ya wakati ule, ingawa kazi ya korti hufanywa kwa sheria hii. Waislamu hufuata sheria ya dini yao, na mashamba ya wilaya fulani za wafugaji yaliachiwa mila.

Wengine huogopa kwamba kurithi ni kukata shamba vipande visivyotosha hata ng'ombe mmoja kugeuka. Si lazima. Warithi waweza kuandikwa wote katika hati moja, kila mtu na fungu lake, wakalima pamoja. Mkitaka hati mbalimbali ndipo mtahitaji kibali cha bodi ya ardhi. Kwa maoni yangu, wenye eka chini ya tano wafikiri mara mbili kabla ya kumwita mpima.

Tena kuna deni la skimu. Deni la kununulia shamba halikufa pamoja na mzee, na huzuia hati mpaka limalizike. Kabla ya kwenda kortini, ulizeni salio katika ofisi ya makazi, na mchukue risiti zote za mzee, hata zilizoliwa na mende, kwa maana huenda malipo mengine hayakuandikwa.