Mahindi Hayana Damu, Yanapigana Vipi na Virusi?

Ukishuka kutoka Babati mjini kuelekea Magugu, au ukipita vijiji vya chini ya Mlima Kwaraa wakati wa masika, utaona mahindi na mbaazi vimepandwa shamba moja. Mahindi huvunwa kwanza, mbaazi hubaki na kukomaa baadaye. Mahindi hayo yana adui wawili wadogo wasioonekana hata kwa darubini ya kawaida. Akija mmoja peke yake, mkulima bado huvuna, ingawa kidogo. Wakija wote wawili, shamba zima laweza kukauka.

Huo ndio ugonjwa ambao maofisa ugani huuandika kwa herufi tatu, MLN. Ulionekana Bomet, Kenya, Septemba 2011, na mwaka uliofuata ukathibitishwa Tanzania. Majani hupata madoa na michirizi ya njano, kisha hukauka kuanzia kingo. Mmea ukiwahi kubeba, hindi lake huwa na punje za kuhesabika. Virusi vinavyouleta ni MCMV, kinachosambazwa na vithiripi na mbawakawa, na cha pili, ambacho huku kwetu kwa kawaida ni SCMV, kirusi cha miwa kinacholetwa na vidukari.

Kwa nini moja na moja isiwe mbili? Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walipima kiasi cha virusi ndani ya mahindi yaliyoambukizwa MCMV pamoja na kirusi cha ukoo wa SCMV. MCMV kilikuwa kimeongezeka mara kadhaa kuliko kinapokuwa peke yake. Mwenzake hakuongezeka. Maana yake ni kwamba mmoja alinufaika na kazi ya mwingine. Kazi gani? Hapo lazima tuanzie chini kabisa.

Mmea hauna damu, hauna chembe nyeupe zinazozunguka mwilini kumtafuta mgeni. Kila seli imefungiwa mahali pake. Kirusi nacho ni kitu kidogo mno: ganda la protini lenye maelekezo ndani. Kwa MCMV na SCMV, maelekezo hayo yameandikwa kwenye RNA, uzi mrefu wenye aina nne za herufi za kikemia: A, U, G na C. MCMV kina herufi zipatazo 4,400. SCMV kina zaidi ya 9,500. Hakuna kirusi kinachoweza kujizalisha chenyewe. Ni lazima kiingie ndani ya seli na kuifanyisha kazi ya kukinakili.

Sasa angalia kunakili kwenyewe. A hushikana na U, na G hushikana na C. Ili kupata nakala, uzi wa kirusi hutengenezewa kwanza uzi wa pili ulio kinyume chake, herufi kwa herufi, na nyuzi hizo mbili hufungamana kama meno ya zipu. Hiyo ni RNA ya nyuzi mbili, ndefu. Seli yenye afya haina kawaida ya kuwa na kitu hicho kwa wingi, kwa maana RNA zake nyingi ni za uzi mmoja. Kwa hiyo kirusi hakina njia ya kuzaliana bila kuacha alama hii. Kwangu mimi hapa ndipo palipo na uzuri wa jambo lote: mmea hauhitaji kumjua adui kwa sura. Hata kirusi kipya kabisa, ambacho hakijawahi kufika Manyara, kitajionyesha kwa namna kinavyojinakili.

Seli ina kimeng'enya kiitwacho Daisa, ambacho hushika RNA ya nyuzi mbili na kuikata vipande vya urefu uleule kila mara. Kwenye mahindi yenye virusi hivi, vingi huwa na herufi 21 au 22. Kipande kimoja kikishakatwa, uzi mmoja hutupwa, na ule mwingine huchukuliwa na protini iitwayo Agonauti. Protini hiyo huzunguka ndani ya seli ikiwa imeshika kipande chake. Ikikutana na RNA ndefu yenye herufi zinazoshikana na za kipande hicho, huikata. Kirusi hukatwa kwa kufuata maandishi yake mwenyewe.

Herufi 21 zinatosha? Piga hesabu. Kila nafasi ina uwezekano wa herufi nne, hivyo nafasi 21 zina michanganyiko zaidi ya trilioni nne. Ni vigumu mno kwa RNA ya mahindi yenyewe kulingana na kipande cha kirusi kwa bahati tu. Zaidi ya hapo, mmea una vimeng'enya vinavyoongeza idadi ya vipande hivi, na vipande hupenya vitundu vilivyo kati ya seli na seli, tena husafiri kwenye mishipa inayobeba sukari. Jani changa laweza kupata onyo kabla kirusi hakijafika.

Vipande hivi vilichelewa kujulikana kwa sababu ni vidogo mno, na wataalamu walikuwa wakitafuta RNA ndefu. Andrew Hamilton na David Baulcombe waliviona kwenye mimea mwaka 1999, huko Norwich, Uingereza. Mwaka mmoja kabla, Andrew Fire na Craig Mello walikuwa wameonyesha kwamba RNA ya nyuzi mbili huzima jeni kwenye minyoo midogo, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2006.

Turudi kwa wale adui wawili wa mahindi. SCMV, kama virusi vingi vya ukoo wake, kina protini iitwayo HC-Pro. Ni protini yenye kazi nyingi. Mojawapo ni kukisaidia kirusi kujishikiza mdomoni mwa kidukari ili kihamishwe. Kazi yake nyingine iligunduliwa mwaka 1998: huzima kinga tuliyoieleza. Huvikumbatia vile vipande vifupi visifike kwa Agonauti. Daisa huendelea kukata, vipande vipo, lakini havifanyi kazi. MCMV kikiwa ndani ya seli hiyohiyo hujikuta mahali ambapo ulinzi umenyang'anywa silaha. Hayo ndiyo maelezo yenye nguvu zaidi ya kile kilichopimwa mwaka 1987.

Kuna madhara mengine. Mmea hutumia RNA fupi za kwake pia, kupanga jani liwe na umbo gani na ua lianze lini. Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliozigundua RNA fupi za aina hii kwenye minyoo, walitunukiwa Nobel mwaka 2024. HC-Pro haichagui, hushika na hizo za mmea. Kwenye mimea ya maabara, protini hiyo pekee, bila kirusi chochote, imetosha kuharibu umbo la majani. Kwa hiyo sehemu ya tunachokiita dalili za ugonjwa ni mpangilio wa mmea wenyewe uliovurugwa.

Elimu hii imekwisha kufika kwenye mihogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa na H. H. Storey akiwa Amani, Tanga, mwaka 1936, huletwa na virusi vya ukoo mmoja na SCMV. Wanasayansi wa Kenya, Uganda na Marekani waliupa muhogo uwezo wa kutengeneza mapema vipande vifupi vya kuvikata virusi hivyo, na mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa bioteknolojia ya Kenya iliidhinisha mstari mmoja wa muhogo huo.

Kwa mahindi ya Babati, njia moja iliyopo leo ni kuhakikisha wale adui wawili hawakutani. Hakuna dawa ya dukani inayoua kirusi ndani ya mmea, na fedha inayotumika kupulizia dawa ya ukungu shamba lenye MLN ni fedha iliyopotea. Virusi hivi huishi kwenye jamii ya nyasi, kwa hiyo miwa, mtama na ulezi si mapumziko ya kweli kwa shamba. Mbaazi na maharage ni mapumziko, lakini kwa sharti moja ambalo ni gumu kwa mkulima anayetegemea ugali: yakae bila mahindi. Mbaazi zikichanganywa na mahindi kila masika, udongo hunufaika na mfuko hunufaika, ila kirusi hupata mahindi mapya kila mwaka palepale. Msimu mmoja au miwili ya mbaazi au maharage peke yake, mbegu iliyothibitishwa, na kung'oa mapema miche yenye dalili, humnyima MCMV mahali pa kungojea kidukari alete mwenzake.