Mzee, Mirathi na Sheria katika Kanda ya Ziwa: Maswali na Majibu

Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu nchini Tanzania watu karibu milioni 3.5 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, sawa na asilimia 5.7 ya watu wote, na wengi wao huishi vijijini, ambako uzee hutegemea shamba, mifugo, mtumbwi na watoto kuliko pensheni. Majibu yafuatayo yanahusu mambo yanayozikabili familia za Mwanza, Ukerewe, Sengerema, Magu na mwambao mzima wa Ziwa Victoria pale mzazi anapozeeka, anapougua au anapofiwa. Mabadiliko ya sheria ya miaka ya karibuni yamegusa zaidi matibabu na mafao, ilhali ardhi ndiyo inayowaliza wazee wengi wa kanda hii.

Swali: Je, ipo sheria moja inayosimamia haki za wazee?

Jibu: Kwa muda mrefu Tanzania Bara imewaongoza wazee wake kwa sera zaidi ya sheria. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ndiyo iliyomtambulisha mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, lakini sera ni tamko la nia ya Serikali, na mtu hawezi kushinda kesi kwa kuitegemea peke yake. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 11, inaielekeza Serikali kuweka utaratibu wa kumwezesha mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, ila Ibara ya 7(2) inazizuia mahakama kuamua kama maelekezo ya sehemu hiyo yametimizwa. Zanzibar imetangulia: Aprili 2016 ilianza kutoa pensheni jamii, yaani malipo ya kila mwezi kwa mkazi aliyetimiza miaka 70 hata kama hakuwahi kuajiriwa, kwa kiwango cha shilingi 20,000 kilichopandishwa baadaye hadi 50,000, kisha mwaka 2020 ikatunga sheria ya masuala ya wazee. Mvuvi wa kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, aliyevua maisha yake yote hana malipo ya namna hiyo, na hilo ni pengo ambalo Bara haina sababu ya haki ya kuliacha wazi.

Swali: Bima ya afya kwa wote inambadilishia nini mzee?

Jibu: Msamaha wa matibabu kwa wazee wasio na uwezo ulikuwapo kabla, ukiegemea sera ya afya na miongozo, na kwa hiyo mzee aliweza kuonwa na daktari bila malipo kisha akatumwa kununua dawa dukani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inalitoa jambo hilo katika hisani na kulitia katika wajibu, kwa kuwa inamtaka kila mkazi awe na bima na kuweka mfuko wa kugharamia wasio na uwezo. Familia isisubiri ugonjwa: ni vyema ihakikishe mapema, kwa uongozi wa kijiji au mtaa na kwa ofisa ustawi wa jamii, kwamba mzee wao ana kitambulisho na kwamba jina lake limo katika orodha ya wanaostahili.

Swali: Na mtumishi anayestaafu?

Jibu: Kikokotoo, yaani kanuni inayogawa haki ya mstaafu kati ya mkupuo anaolipwa mara moja na pensheni ya kila mwezi, kilibadilishwa kuanzia Julai 2022, mkupuo ukawa asilimia 33. Bajeti ya 2024/2025 iliupandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likilipwa asilimia 50 hapo zamani, na hadi 35 kwa lile lililokuwa likilipwa 25. Malalamiko ya wastaafu yalikuwa ya haki, ingawa kwa mzee atakayeishi miaka 20 baada ya kustaafu fungu la kila mwezi lina uzito kuliko fedha ya kuezekea nyumba.

Swali: Mjane mzee ana haki gani katika mali ya mumewe?

Jibu: Jibu hutegemea sheria inayotumika, na hapa ndipo familia nyingi hupotea. Mjane wa Kiislamu, mume akiacha watoto, hupata moja ya nane, na wake wakiwa zaidi ya mmoja hugawana fungu hilo. Kwa Wakristo walioishi kwa kuacha mila, sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, iliyorithiwa kutoka utawala wa kikoloni, humpa mjane theluthi moja pale marehemu alipoacha watoto. Kwa walioishi kimila, Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 linasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Kanuni hiyo ilidhani kwamba watoto wapo, wana uwezo na wana huruma. Mjane asiye na mtoto, au ambaye watoto wake wamekufa, haimpi kitu.

Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga waliipinga kanuni hiyo katika Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikiri kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi lakini ikakataa kuifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitamka kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Kuacha kanuni ya namna hii katika vitabu vya sheria baada ya maneno hayo mawili ni dhuluma dhidi ya wanawake waliozeeka wakilima mashamba yaleyale wanakofukuzwa.

Hata hivyo, mjane hana mikono mitupu. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, hoja inayomsaidia mjane kutenganisha jasho lake na mirathi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20(2), inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Aliyeishi na mwanamume miaka miwili au zaidi, jamii ikiwatambua kuwa mke na mume, analindwa na dhana ya ndoa ya kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa.

Swali: Mwanamke mzee anaweza kuuza shamba la ukoo ili ajitunze?

Jibu: Swali hili lilijibiwa Mwanza kwenyewe. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na alipozeeka bila mtu wa kumtunza aliliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alidai kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitamka kwamba haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 zinampa mwanamke uwezo wa kuuza sawa na mwanamume.

Swali: Wosia wa kimila huandikwaje?

Jibu: Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, na asiyejua anahitaji wanne, baadhi wakiwa wa ukoo na wengine wasio wa ukoo. Wosia wenyewe unaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa Serikali wa usajili, ufilisi na udhamini.

Swali: Sheria inasemaje kuhusu tuhuma za uchawi?

Jibu: Wanawake wazee wa Usukuma wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi husababishwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni, na nyuma ya tuhuma nyingi kuna shamba linalotamaniwa. Mauaji hayo ni kosa la kunyongwa chini ya Kanuni ya Adhabu, na Itifaki ya Afrika ya haki za wazee ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Novemba 2024, inazitaka nchi wanachama kuwalinda wazee dhidi ya tuhuma hizo. Ndugu anayesikia minong'ono asikae kimya hadi usiku wa mapanga. Apeleke taarifa polisi na kwa uongozi wa kijiji siku hiyohiyo.

Swali: Mirathi ya kimila ifunguliwe wapi?

Jibu: Katika Mahakama ya Mwanzo, ambako lugha ni Kiswahili, na mzee anayejua Kisukuma au Kikerewe pekee aombe mkalimani. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, na baada ya hapo hesabu ya mirathi kwa vipindi vinavyopangwa na mahakama, na mjane asiyeiona hesabu hiyo arudi katika mahakama ileile na kuomba msimamizi aitwe, au aondolewe.