SOMO KWA WAKULIMA: MKINDU ULIOPIGWA NA DHORUBA

Mvua ya masika ifikapo, kati ya Machi na Mei, upepo huweza kuangusha miti kandokando ya mto Chania. Mwenye shamba la kahawa huko Thika au Ruiru ana dawa yake: mkahawa uliovunjika huukata hadi kisiki, na machipukizi mapya huota. Lakini akilifanyia shina la mkindu au la mtende hivyo, ameliua. Yafaa tujue sababu.

Miti ya jamii ya mnazi haikui kama mkahawa. Kila shina lina chipukizi moja tu la kukulia, nalo limefichwa katikati ya kilele, mahali majani machanga yatokeapo. Huo ndio moyo wake. Moyo ukifa, shina lote hufa. Tena shina hilo likijeruhiwa haliwezi kuziba jeraha. Kwa hiyo usilipigilie msumari kamwe.

Basi, dhoruba ikiisha, fanya hivi:

Kwanza, chunguza moyo. Vuta polepole jani changa ambalo halijakunjuka. Likishika imara, yapo matumaini. Liking'oka kwa urahisi, nalo linanuka, moyo umeoza.

Pili, mti mdogo ulioanguka uinue upesi. Kabla ya kuuinua, funika mizizi kwa magunia yaliyoloweshwa. Usiuzike kupita kina chake cha zamani, maana mizizi itakosa hewa. Zungusha gunia shinani, funga vipande vya mbao juu yake, kisha egemeza nguzo tatu kwenye mbao hizo. Ziache miezi sita au zaidi.

Tatu, kata majani yaliyokauka tu. Ya kijani, hata yakipinda, yaache. Ndiyo yanayoulisha mti.

Nne, mwagilia maji, lakini usitie mbolea mpaka majani mapya yatokee.

Shina refu lililopasuka ni hatari kwa watu, na likatwe. Lakini mkindu huota mashina mengi pamoja: ondoa lililovunjika, uyaache mengine.

Mwisho, uwe na subira. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha minazi na mikarafuu mingi sana huko Unguja, ikawabidi wenye mashamba kupanda upya na kungoja miaka. Kungojea jani jipya kwa miezi michache ni kazi nyepesi kuliko hiyo.