Kuwatunza Wakufunzi wa Udereva Wanaojitolea

Klabu nyingi ya magari ina watu wawili au watatu wanaobeba kazi ambayo haionekani kwenye vitabu vya hesabu. Ni madereva wazoefu wanaotoa Jumamosi zao kuketi kando ya mwanachama mgeni na kumwelekeza bila kulipwa. Wakichoka na kuacha, ndipo wanachama hugundua kwamba klabu ilibaki na picha za magari tu.

Kwanza, mipaka ya kazi hii ieleweke. Anayeanza kujifunza kuendesha anafaa kwenda katika shule ya udereva iliyosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Serikali ya kaunti hushughulikia barabara za kaunti na maegesho, wala haitoi leseni za udereva. Mkufunzi wa klabu humsaidia mwenye leseni ambaye bado anatetemeka kuingia Barabara Kuu ya Thika kutoka Ruiru, matatu ikimpigia honi nyuma na lori likimpita kwa kasi upande wa kulia. Leseni anayo, ujasiri ndio bado.

Uingereza ina mfano mzuri wa utaratibu huu. Shirika lililoanzishwa mwaka wa 1956, ambalo leo linaitwa IAM RoadSmart, lina vikundi vya mitaani ambamo madereva wa kujitolea huketi na wenzao wenye leseni wanaotaka kuboresha uendeshaji wao. Watu hao hawarushwi kazini hivi hivi. Hufunzwa, hupimwa, na wanaweza kupanda daraja. Anayejitolea huku naye akijifunza jambo ana sababu ya kurudi wiki ijayo.

Hapa kwetu, kinachowafukuza wengi ni gharama ndogondogo ambazo hakuna anayezitaja. Chukua mkufunzi anayeishi Makongeni, Thika, ambaye mwanafunzi wake yuko Ruiru. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 40. Kwa Jumamosi nne anafikisha kilomita 160, na ikiwa gari lake hutumia lita moja kwa kilomita kumi, hizo ni lita 16 za petroli kila mwezi kutoka mfukoni mwake. Ongeza chakula cha mchana na muda wa maongezi ya simu. Kusema “anajitolea” hakumaanishi kwamba anapaswa kulipia haki ya kusaidia. Klabu iweke fungu la mafuta kutoka kwenye ada za wanachama, na fedha hizo zitumwe kwa M-Pesa kabla ya somo. Mtu mzima hafurahii kufuatilia risiti ya petroli kama anayedai deni.

Jambo la pili ni hatari ya kile kiti cha abiria. Gari la shule ya udereva kwa kawaida huwa na breki ya pili upande wa mwalimu. Gari la mwanachama halina. Mkufunzi amebaki na sauti yake na, pengine, breki ya mkono. Kwa hivyo apewe mamlaka ya kusimamisha somo papo hapo bila kuulizwa maswali: tairi zimeisha, mwanafunzi ana harufu ya pombe, au hasikii anachoambiwa. Mwenyekiti akimlaumu mkufunzi kwa kukatiza somo kwa sababu mwanafunzi ni mtu mkubwa, huyo mkufunzi ameshaenda. Mwenye gari pia aulize kampuni yake ya bima, kwa maandishi, kama mkufunzi aliye ndani analindwa ajali ikitokea.

Mkufunzi mmoja asipewe wanafunzi zaidi ya wawili kwa wakati mmoja. Aliye hodari ndiye huombwa na kila mtu, na ndiye huchoka kwanza. Saa za mafunzo zitangazwe mapema. Akina mama wengi wenye ujuzi wangejitolea kama wangejua kwamba saa nne asubuhi wamemaliza.

Vyeti na fulana za mwisho wa mwaka si vibaya, ila kuna shukrani inayopita hizo. Mwanafunzi aliyeogopa barabara kuu akifika Nairobi na kurudi salama, amwambie mkufunzi wake. Wengi hufunza mtu mwezi mzima kisha wasisikie tena habari zake. Katibu anaweza kupiga simu moja tu kuuliza na kupeleka jibu.

Anayeondoka naye aulizwe sababu, bila kubembelezwa abaki. Majibu yake yataonyesha mzigo uko wapi.

Vilabu vinavyopanga ratiba ya mwaka vifikirie kuwapa wakufunzi likizo mwezi wa Desemba, wengi wanaposafiri kwenda mashambani. Januari kila mmoja aulizwe upya kama angependa kuendelea, na jina lake liandikwe baada ya yeye mwenyewe kukubali.